Turbo Niliyoiwasha Kavu

Malaba, jioni yako ya mwisho nyumbani

Nafula mwanangu,

Mama yako ameshakupa maagizo yote anayostahili kupewa mtu anayekwenda chuo kikuu: neti ya mbu, vyeti vilivyonakiliwa mara tatu, chumvi ya kusukutua koo likikuwasha, na jina la binamu yake anayeishi karibu na lango la chuo. Sina cha kuongeza hapo. Wala sitakuandikia kuhusu pombe, wanaume au masomo. Hayo utayasikia kwa watu wenye midomo safi kuliko wangu. Ninakuandikia kuhusu turbo.

Najua hutacheka. Ulikuwepo.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umeketi kiti cha mbele cha gari letu, na uliona kila kitu. Tangu siku ile mimi na wewe hatujawahi kulitaja jambo hilo. Tumelizunguka kama watu wanavyouzunguka mzoga wa mbwa barabarani: kila mpita njia anaziba pua, hakuna anayeinama kuuondoa. Jioni hii nimeinama. Kama utanuka zaidi ninapouinua, nivumilie, kwa maana aliyeutupa pale ni mimi.

Unajua kwamba watu wa hapa huniita Komredi. Jina hilo nilitoka nalo chuo kikuu, ambako nilikuwa nikipanda juu ya meza za bwalo la chakula na kuwahutubia wanafunzi mpaka wanaacha sahani zao na kunifuata barabarani. Ulimi wangu ulinifanya nisimamishwe masomo mwaka mzima. Nilirudi, nikahitimu, nikaishia kuwa wakala wa forodha, mjazaji wa fomu za mizigo ya watu wengine. Ulimi haukukubali kushushwa cheo pamoja nami. Palipokuwa na dhuluma mpakani, nilisimama. Palipokosekana dhuluma, niliitafuta, ili nipate pa kusimama. Hili la pili sikuwahi kulikiri kwa mtu, na kulisoma hapa kwa mwandiko wangu mwenyewe kunanichefua.

Mwaka ule wafanyabiashara wadogo walikuwa wameandaa mkutano Bumala kulalamikia kusumbuliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji mkuu. Hotuba yangu ilikuwa juu ya heshima ya mtu anayekula kwa jasho lake. Niliiandika kwa siku nne. Ilikuwa nzuri, na huo ndio uchungu wake.

Gari letu la dizeli lilikuwa limeanza kupiga mluzi na kuchoka kila penye mwinuko. Fundi Okisai wa Amagoro, ambaye kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya soko na ambaye madereva wa malori kutoka Mombasa walikuwa wakimtafuta kwa jina, alilisikiliza kwa muda mfupi akasema turbo imekwisha. Nilinunua nyingine, naye akaanza kuifunga siku ya mkutano, tangu asubuhi. Sikujua turbo ni nini. Nilifikiri ni pambo la wenye haraka. Baadaye, nilipokuwa nimechelewa mno kujifunza, nilikuja kujua kwamba ni kijidude chenye umbo la konokono, kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa. Kwamba mhimili wake, usiozidi unene wa penseli, huzunguka kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Na kwamba mhimili huo hauchomwi na chuma kilicho jirani yake kwa sababu moja tu, utando wa oili mwembamba kama jasho la paji la uso. Turbo mpya inapofungwa, utando huo haupo. Lazima uwekwe kwa mkono wa binadamu, mbele ya kila kitu, kabla ya injini kupumua hata mara moja.

Okisai alijua hayo. Alitoka chini ya boneti akijifuta mikono.

"Komredi, imekaa. Lakini bado haijakunywa."

"Haijakunywa nini?"

"Oili. Huko ndani iko kavu kama koo ya mlevi asubuhi. Na hii oili yako ya zamani imekuwa lami, siwezi kuipatia hiyo. Wacha nivuke hapo dukani nichukue ingine na filta. Nikirudi naimwagia kwa hii tundu ya juu, natoa waya ya dizeli, tunapiga stata bila kuwaka mpaka oili ifike. Ufunguo weka kwa mfuko. Usiguse."

"Hayo yote yatachukua muda gani?"

"Nusu saa, boss. Ikizidi, imezidi."

Unakumbuka nilivyomjibu? Natumaini umesahau, lakini una kumbukumbu yangu, kwa hiyo nadhani unakumbuka. Nilimwambia kwamba nchi hii imerudishwa nyuma na watu wenye nusu saa. Nilimwambia kwamba mkoloni aliondoka lakini akatuachia uzembe, na kwamba uzembe huo umejificha kwenye vibanda kama chake. Yote hayo nikiwa na karatasi nane mfukoni juu ya heshima ya mtu anayekula kwa jasho lake. Okisai alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Sawa, Komredi," akasema. "Lakini turbo haisikilizi hotuba."

Akavuka barabara.

Sasa fikiria desturi ya gereji zetu. Gari likiisha kutengenezwa, mwenye gari ndiye huingia na kuliwasha. Hukanyaga mafuta mpaka injini ingurume na moshi umwagike, na waliokaa kwenye benchi huitikia, "Sasa hiyo ni gari." Ngurumo ndiyo risiti yetu. Fundi anayesema gari lisingurume huonekana ana la kuficha. Ninachukizwa na desturi hii kuliko ninavyoweza kueleza kwa lugha ya adabu: watu wazima kupima kazi ya mtu kwa kelele yake! Lakini nani aliyekuwa bingwa wa desturi hiyo, ikiwa si mimi, niliyepima hata haki kwa kelele? Mchana ule benchi lilikuwa tupu. Watu walikuwa wamekwenda kula. Niliingia garini hata hivyo. Niliigiza mbele ya benchi tupu na mtoto wangu.

Ukasema, "Baba, fundi amesema tungoje."

Nami nikakujibu, "Nyamaza. Yeye ni mtu wa kungoja. Mimi ni mtu wa kwenda."

Nikawasha. Nikakanyaga mafuta mara tatu, kwa nguvu. Injini ikanguruma vizuri kabisa, na hapo ndipo uovu wa kosa hili ulipo: adhabu yake haiji papo hapo. Unapoliwasha gari kavu linakuitikia kama kawaida, linakupa ngurumo unayoitaka, na huko ndani, gizani, chuma kinakula chuma. Okisai alisikia kutoka dukani. Alitoka mbio, kopo la oili mkononi, bodaboda nusura imgonge. Alikuwa akisema, "Zima. Zima gari." Nilimpungia mkono kama mgombea anayewapita wapiga kura wake, nikaondoka.

Tulipita Malaba, tukapita Adungosi, na kabla hatujafika Busia mjini gari likaanza kulia kama king'ora. Baada ya Busia likaanza kutoa moshi wa buluu. Tuliingia Bumala ndani ya wingu, na mama mmoja muuza vitunguu akaniuliza mbele ya umati mzima, "Mzee, umekuja kuhutubia ama kufukuza mbu?" Walicheka mpaka nilipofika jukwaani. Walicheka nilipofungua karatasi. Sikufika ukurasa wa tatu.

Mtu mwenye akili timamu angesema: nimejichoma mwenyewe. Mimi nilikuwa na shahada, sikuwa na akili timamu. Nilitafuta wa kumlaumu kabla moshi haujatulia, na siku ya soko iliyofuata nilikuchukua tukaenda Amagoro. Nilikuchukua kwa makusudi. Nilijua Okisai angekutaja kama shahidi, na nilitaka shahidi huyo awe tayari mkononi mwangu. Njiani nilikuambia hivi, na ninayaandika maneno yenyewe kwa sababu sitaki kujifichia hata neno moja: "Wakikuuliza, sema hujui. Kusema hujui si kusema uongo."

Nilisimama kati ya wauza mitumba na wauza dagaa, nikapaza sauti. Nilimwita Okisai mwongo wa spana. Nilisema amefunga turbo bila oili, akanikabidhi gari akijua litakufa. Nilisema mikono kama yake ndiyo inayoua watu barabarani. Ah, Nafula, nilikuwa hodari! Sijawahi kuhutubia vizuri kama siku ile, wala kabla wala baadaye, na nilikuwa nikisema uongo kutoka sentensi ya kwanza.

Okisai hakuwa na lugha ya kunijibu. Alikuwa na ukweli tu, na ukweli wake ulikuwa mfupi.

"Nilimwambia asiguse. Mimi nilikuwa dukani. Muulizeni mtoto."

Watu wakakugeukia. Mzee mmoja akainama mpaka usawa wa uso wako. "Mtoto, fundi alisema nini?"

Ukanitazama. Ukatazama chini.

"Sijui," ukasema.

Basi. Neno moja la mtoto, na jina la mtu likaisha. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilikununulia soda, ukaishika mpaka ikapata joto, hukuinywa. Niliona. Nilijifanya sikuona.

Huenda unajiuliza kama niliamini uongo wangu. Kwa wiki mbili hivi, nusu nusu, ndiyo. Mtu anayejua kusema hujishawishi yeye wa kwanza. Halafu nilipeleka gari kwa Mzee Wandera, fundi wa Busia, akaitoa ile turbo na kuifungua juu ya gunia. Akanionyesha mhimili uliogeuka rangi kwa joto, na beringi zilizokwaruzwa.

"Hii haikukosa oili barabarani," akasema. "Ingekuwa barabarani, ningekuta paipu imeziba. Paipu ni safi, huyo aliyeifunga aliiosha vizuri. Hii ilikosa oili mwanzo. Nani aliwasha kavu?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo, Nafula. Nililitumia neno lako.

Kisha nikasimama pale nikamtazama akifunga turbo nyingine, na kila tendo la mikono yake lilikuwa hukumu. Alibadilisha oili na filta kwanza. Kabla ya kuunga paipu ya juu, alichukua kichupa cha oili safi akaidondoshea turbo kwenye tundu lake, taratibu, huku akizungusha mhimili kwa ncha ya kidole ili oili iingie kila upande. Akadondosha tena, akazungusha tena, mpaka ikajaa. Akaunga paipu. Akatoa waya inayoruhusu dizeli iingie, ili injini izunguke isiwake. Akapiga stata kwa sekunde chache, akapumzika ili isichomeke, akapiga tena, akapumzika, mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika na oili ikaonekana ikishuka kwenye paipu ya kurudi. Hapo tu ndipo aliporudisha waya. Akaliwasha yeye mwenyewe. Hakugusa mafuta. Gari likanguruma chini chini kwa dakika kadhaa, kwa sauti ndogo ya aibu, huku yeye akipitisha kitambaa kwenye maungio kutafuta panapovuja. Nilimuuliza kama sipaswi kukanyaga mafuta tusikie. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichokwama kwenye soli ya kiatu.

"Usikie nini?" akasema.

Nilitazama saa. Kazi yote hiyo, tangu oili mpaka kitambaa, ilikuwa imechukua dakika ishirini na tano.

Turbo ya Mzee Wandera ndiyo iliyomo garini mpaka leo. Nimeiendesha miaka saba, kila asubuhi nikijua. Nilijua pia kilichompata Okisai, maana Amagoro si mbali kiasi cha mtu kutojua. Madereva wa malori waliacha kusimama. "Huyo ndiye wa turbo," waliambiana, wakapitiliza hadi kwa wengine. Alihamisha vifaa vyake nyuma ya nyumba yake, akawa anatengeneza mashine za kusaga na pampu za visima. Mwaka baada ya mwaka nilisimama kwenye mikutano kutetea madereva, wachuuzi, wabeba mizigo, jeshi lote la wanyonge, na mnyonge mmoja niliyemnyonga kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nikimpita kwa gari, vioo vimepandishwa. Kuna watu wanaoipenda haki kama mlevi anavyoipenda pombe, kwa ajili ya kile inachowafanyia wao. Utakutana nao chuoni, watakuwa juu ya meza. Wengine watasema kweli. Sijui njia ya uhakika ya kuwatambua. Mimi mwenyewe sikujitambua.

Kilichoniamsha ni wewe. Jumapili iliyopita, kwenye chakula cha kukuaga, walikusimamisha useme maneno mawili ukasema mia mbili, na ukumbi mzima ukaacha kula. Mjomba wako akaniinamia: "Komredi, huyu ni wewe mtupu." Watu wakanipongeza. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Ulimi nimekurithisha. Na pamoja na ulimi nimekurithisha lile "sijui", na kati ya mambo hayo mawili, hilo la pili ndilo nililokufundisha kwa makini zaidi.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Okisai. Nilimkuta jikoni akinywa chai na mkewe. Nilimwambia yote, nikaomba radhi. Mkewe alitoka nje. Okisai alimaliza kikombe chake kwanza.

"Komredi," akasema, "uliniharibia jina kwa soko. Sasa unanirudishia kwa jikoni?"

 

Ndiyo sababu leo mchana sikuwepo ulipokuwa ukifunga sanduku. Ilikuwa siku ya soko Amagoro. Nilisimama palepale, kati ya mitumba na dagaa. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Komredi, leo unaomba kura ama unauza dawa ya panya?" Wakacheka. Nikasema kwamba miaka saba iliyopita niliwasha gari langu kavu, fundi Okisai akiwa amenikataza; kwamba nilimsingizia hapa mbele yao; kwamba mtoto aliyeulizwa alisema hajui kwa sababu mimi, baba yake, nilimwamuru. Haikuchukua hata dakika moja. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alisema, "Sasa hiyo ndiyo umengoja mpaka watu wamesahau?" Wengine waliendelea kupatana bei. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao, na nilichopata ni mabega yakigeuka, na nakiri kwamba sehemu fulani yangu, ile iliyooza, ilihuzunika kwamba hotuba haikuwagusa.

Lakini dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alimuuliza mwenzake, "Kwani huyo fundi siku hizi anakaa wapi?" na yule akamwelekeza kwa kidole. Hilo nililisikia kwa masikio yangu.

Okisai alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa wauza mitumba. Alinifuata mpaka garini. Hakunishika mkono.

"Imetosha ya kwako," akasema. "Bado ya mtoto."

Nilianza kukutetea. Nilimwambia ulikuwa mdogo, kosa halikuwa lako.

"Najua ilikuwa yako. Mimi sitaki pole yake. Lakini huyo mtoto akiniona kwa barabara, huvuka upande ule ingine. Miaka saba anavuka. Amekuwa mkubwa akinikimbia, na mimi sijamfanya kitu. Mwambie apite anisalimie. Basi. Asiende huko mbali akibeba mimi."

Sikujua kwamba ulikuwa ukivuka barabara. Hukuwahi kuniambia, na ungeniambiaje? Nilijua habari za kila mnyonge mpakani, sikujua ya mtoto aliyelala chumba cha pili.

Sitakuagiza chochote, Nafula. Nimepoteza haki ya kukuagiza katika jambo hili. Kesho tutapitia Amagoro kabla ya kushika njia ya Bungoma. Nitaegesha mbele ya nyumba ya Okisai na kuzima gari. Ukisema tuendelee, nitaliwasha tuendelee, na mpaka chuoni sitakuuliza kwa nini. Ukishuka, nitabaki ndani na kupandisha vioo, kwa sababu mtakachoambiana si changu kukisikia.

Baba yako